Nchi ya Walioshinda Kazini

Namna nilivyofika Ushindaji haina faida kwa msikilizaji, kwa hiyo nitaiacha. Itoshe kusema kwamba nilikosea njia, na alasiri moja ya kiangazi nikajikuta mbele ya mji wa kuta nyeupe. Langoni aliketi mtu mwembamba mwenye mwavuli mweusi. Aliniuliza jambo ambalo kwetu ni salamu tu.

"Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama," nikamjibu.

"Sikukuuliza kama u salama," alisema, bila ukali. "Nimekuuliza umeshindaje. Umeshinda wapi, na tangu saa ngapi?"

Nikamwambia nimeshinda njiani, natembea. Alifikiri kidogo, kisha akanieleza kwamba njia si mahali pa kazi isipokuwa kwa mpagazi, na kwa kuwa sikuwa na mzigo wa maana, leo nimeshindwa. Lakini mimi ni mgeni, akasema, na mgeni husamehewa siku ya kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyojua, kabla hata ya kuingia mjini, kwamba katika nchi ile kushinda mahali na kushinda wenzako ni jambo moja. Anayekaa kazini muda mrefu kuliko wengine ndiye mshindi, na hakuna anayeuliza alikuwa akifanya nini huko.

Yule bwana aliitwa Pandu, na kazi yake ilikuwa Mhesabu Vichwa. Wahesabu Vichwa ni maofisa wanaoheshimika sana Ushindaji. Huzunguka karakana zote kutwa, kila mmoja na mwavuli wake, wakihesabu vichwa vilivyomo ndani. Mikono hawaitazami. Nilipomuuliza Pandu kwa nini, alishangaa kidogo. Mikono, alisema, huwa haitulii, na kitu kisichotulia kukihesabu ni tabu.

Sheria yao kuu ni fupi, nayo imechongwa juu ya mlango wa kila karakana: KAZI NI KUWAPO. Watu huingia kazini kabla ya jua kuchomoza, na hawaruhusiwi kutoka mpaka taa iliyo juu ya mnara wa Baraza izimwe. Mwenye kuizima ile taa naye ni mtumishi wa serikali anayetaka sifa ya kutoka wa mwisho, kwa hiyo huchelewa kuizima. Waheshimiwa wa Baraza, wasiotaka kushindwa na mzima taa, huchelewa zaidi yake. Nilipofika mimi, mji mzima ulikuwa umezoea kula chakula cha jioni na cha asubuhi katika mkao mmoja.

Kutokana na sheria hiyo zimezaliwa desturi nyingi. Vigoda vya kazini hupimwa kwa urefu: aliyekaa miaka mingi hupewa kirefu zaidi, na wapo mafundi wakongwe wanaofanya kazi huku miguu ikining'inia, hawaufikii udongo wanaopaswa kuukanda. Mtu akifa, husifiwa kaburini kwa maneno haya: "Hakuwahi kuondoka mapema." Na karibu kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, hupaka wanja juu ya kope zake, akachora jicho zima na mboni yake, ili akifumba macho aonekane ameyafumbua. Nilidhani ni siri. Hapana, wanja huo huuzwa sokoni mbele ya Wahesabu Vichwa wenyewe, na ulio bora ni ule usiotoka kwa jasho.

Pandu alinipeleka kulala katika nyumba ya mnyapara wa karakana ya mabomba, mwanamke aitwaye Sikudhani. "Nyumba yake nzuri," alisema, "na mara nyingi haina mtu."

Mtu alikuwamo. Alinifungulia mlango mtoto wa kike, Tausi, aliyekuwa na umri wa kuanza kung'oka meno. Aliniamkia, kisha akasimama akinitazama usoni kwa muda mrefu.

"Kuna nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Namtazama mtu mzima aliye macho," alisema. "Baba namjua akiwa amelala. Akiwa macho sijui anafananaje."

Hakusema kwa kulalamika. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo. Wazazi wake wote wawili walifanya kazi karakana moja, mama akiwa mnyapara na baba, Machano, akiwa mchochea tanuri. Walirudi yeye akiwa amelala, wakaondoka hajaamka; aliwaona tu akishtuka usiku, nao wamelala. Bikizee mmoja wa jirani, aliyezeeka kiasi cha kusamehewa kazi, ndiye aliyewapikia watoto wa mtaa mzima.

Tausi alinipa maji ya kunywa katika kata ndogo, akaniomba nisiyamalize. Mto ulikuwa umesogea mbali mwaka ule, alisema, na wao watoto ndio waliokwenda kuteka, maana watu wazima walikuwa kazini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini karakana ya mabomba ilikuwa na umuhimu mkubwa. Kilimani juu ya mji ilikuwapo chemchemi isiyokauka. Kwa miaka mingi mji ulikuwa ukifinyanga mabomba ya udongo ili kuyaleta maji yake hadi uwanjani, na kila walipoyafungulia, mabomba yalipasuka kabla maji hayajafika nusu ya mteremko.

Kesho yake nilikwenda kuitazama karakana. Sikudhani alikuwa mwanamke mrefu, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni, na mwenye kusema polepole kama anayeogopa maneno yatamwishia. Alinikaribisha vizuri. Asubuhi ile niliona kazi ya kupendeza: udongo ulikandwa ukalainika, mabomba yakafinyangwa yakasimama wima kuanikwa, watu wakiimba kwa sauti ya chini. Baada ya chakula cha mchana wimbo ulikatika. Mikono iliendelea na mwendo uleule, lakini udongo ulikuwa kama umeacha kuisikiliza. Bomba moja lilifinyangwa na mtu aliyekuwa ananitazama kwa macho ya wanja. Lilitoka na umbo la kiazi.

Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la mabomba yaliyopasuka, refu kuliko paa lenyewe. Wageni hupelekwa kulitazama. Limepewa jina, linaitwa Mlima wa Juhudi, na kuna benchi la kukalia ukitaka kulitafakari.

"Kwa nini yanapasuka?" nilimuuliza Sikudhani.

"Hatushindi vya kutosha. Ndivyo Baraza lilivyosema."

"Na wewe unasemaje?"

Alijifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Mimi nimechoka, bwana. Lakini hilo si jibu. Nani hajachoka?"

Wiki ileile Baraza lilitangaza kwamba, kwa sababu ya uhaba wa maji, taa ya mnara itawaka muda mrefu zaidi. Watu walipiga makofi. Baadhi yao waliendelea kupiga makofi baada ya tangazo kwisha, nikatambua kwamba walikuwa usingizini.

Yaliyotokea baada ya hapo niliyaona kwa macho yangu. Ilikuwa alasiri, joto kali, nami nilikuwa nimeketi karibu na tanuri nikizungumza na Machano. Machano alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye uso wa kitoto. Nilikuwa nikimweleza habari za kwetu, naye akinitazama kwa makini sana, mpaka nikafurahi kumpata msikilizaji wa namna ile. Pandu aliingia, akahesabu kwa ncha ya mwavuli, akamhesabu na Machano. Hakuwa amefika hata kwa mtu wa pili yake pale Machano alipoinama mbele taratibu, kama anayeinamia sahani, akauweka mkono wake wote juu ya mlango wa tanuri.

Sitasimulia ule ukelele. Sikudhani alifika kabla yangu, nami nilikuwa hatua moja tu pembeni. Aliutumbukiza mkono wa mumewe katika ndoo ya maji ya baridi, akaushikilia humo, akimwambia maneno ambayo hayakuwa maneno, ni sauti tu, kama anayembembeleza mtoto. Machano alilia, akaomba radhi. "Nilikuwapo," alisema mara kadhaa. "Mama Tausi, wallahi nilikuwapo."

Alipokwisha kufungwa kitambaa, Sikudhani alisimama akawatazama watu wake. Wote walikuwa wamekodoa macho. Akachukua kitambaa kilicholowa, akapita kwa kila mmoja, akamfuta wanja kwenye kope. Wengi hawakushtuka alipowagusa. Zaidi ya nusu ya karakana ilikuwa imelala.

"Amkeni," alisema. "Nendeni nyumbani."

"Taa bado inawaka, mnyapara," mmoja alisema.

"Naiona. Nendeni. Kesho mje asubuhi kama kawaida. Jua likifika utosini mtakwenda kula makwenu, na hamtarudi mpaka keshokutwa asubuhi. Na itakuwa hivyo kila siku. Mkiulizwa, semeni Sikudhani amewafukuza. Mimi sitaki kumwona mtu mwingine akiungua."

Pandu alikuwa bado amesimama mlangoni, mwavuli mkononi. Alikuwa ameona kila kitu. Nilitegemea akimbilie Baraza, kwani ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliondoka akielekea huko, lakini alikwenda polepole sana, na sheria yao haisemi Mhesabu Vichwa apeleke habari kwa mwendo gani.

Ikawa kama alivyoamuru. Kila adhuhuri, wakati mji mzima umeinama kwenye vigoda, watu wa karakana ya mabomba walikuwa wakipita barabarani wakienda makwao, wakitembea kando ya kuta kama wezi. Wiki ya kwanza hawakufanya lolote nyumbani ila kulala. Wiki ya pili nilisikia mtu akicheka ndani ya nyumba mchana, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu niingie Ushindaji. Na asubuhi, karakanani, mikono ilikuwa imerudiwa na akili zake. Udongo ulikandwa hadi ukawa kama unga wa mkate. Machano, mkono mmoja ukiwa kifuani ndani ya kitambaa, alilichungulia tanuri kwa macho yake mwenyewe, akajua lini aongeze kuni na lini aache. Mabomba yalipotolewa na kugongwa kwa kidole yalilia kama kengele. Mafundi walianza kuyagonga kila yalipotoka, bila sababu, kwa raha tu ya kuyasikia.

Wakayatandika mteremkoni, kipande kwa kipande, asubuhi kwa asubuhi, mpaka siku moja maji yakafika uwanjani.

Yalipofika, hakukuwa na mtu mzima wa kuyaona. Wote walikuwa ndani, ila mafundi wa mabomba, waliokuwa bado juu chemchemini. Walioyaona ni watoto, wakirudi kutoka mtoni na ndoo zao vichwani. Walizitua, wakaingia chini ya mdomo wa bomba na nguo zao, wakapiga kelele mpaka Waheshimiwa wakazisikia juu mnarani. Hakuna aliyetoka kwenda kutazama, kwa kuwa taa ilikuwa inawaka.

Siku ya pili yake Pandu alifika Barazani na habari yake.

Sikudhani alishtakiwa kwa wizi wa muda. Adhabu ya wizi wa muda Ushindaji haina kipigo wala pingu. Mwizi huhamishiwa karakanani na kitanda chake, akaishi humo mwaka mzima bila kurudi nyumbani, mpaka muda alioiba ulipwe. Jioni ile nilimkuta amekaa jikoni akimsuka nywele Tausi. Kwa mwezi ule walikuwa wamezoeana. Mtoto alikuwa akimweleza jambo refu kuhusu kuku wa jirani, na mama alikuwa akiitikia kila mahali palipostahili kuitikiwa. Alisuka msuko mdogomdogo, ule unaochukua muda. Sikuweza kukaa nao, nikatoka nje.

Baraza la Ushindaji hukaa katika ukumbi usio na madirisha, ili mtu asijue saa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mwinyikombo, mzee mstaarabu aliyechoka mno, mwenye kigoda kirefu kuliko vyote. Mwendesha mashtaka alikuwa Mheshimiwa Shaame, msomi wa hesabu, ambaye inasemekana hakulala kitandani tangu ujana wake, jambo lililokuwa likionekana.

"Hii ni hesabu ya mtoto mdogo," alianza Shaame. "Mtu akifanya kazi kutwa, anatoa mabomba ya kutwa. Akifanya nusu ya kutwa, anatoa nusu ya mabomba. Kwa hiyo mabomba yaliyofika uwanjani ni nusu ya mabomba, na maji yanayotoka humo ni nusu ya maji."

Mheshimiwa mmoja akauliza kama nusu ya maji inakata kiu. Bilauri ililetwa. Mwinyikombo akanywa, akafikiri, akatangaza kwamba yeye ameyaona ni maji kamili, ila si mtaalamu. Bilauri ikapitishwa. Waliafikiana kuyanywa yote wakati uchunguzi ukiendelea.

"Bi Sikudhani," alisema Shaame, "ulitumia nadharia gani?"

"Sikutumia nadharia, Mheshimiwa. Mume wangu aliungua. Nikaogopa. Nikawaambia watu waende."

"Kwa hiyo huna nadharia."

"Sina."

"Hilo ni kosa la pili," alisema Shaame, akamgeukia mwenyekiti. "Sasa huo muda uliowapa watu wako, uliutoa wapi?"

"Kwenye siku yao."

"Siku ni mali ya nani?"

Sikudhani akajibu: "Sijui, Mheshimiwa. Nilidhani ni ya aliyeamka ndani yake."

Ukumbini pakawa na minong'ono. Mwinyikombo akaona afadhali amuulize mgeni: kwetu mambo haya yanakwendaje? Nilitaka kumsaidia yule mama, na kusema kweli nilitaka pia kuisifu nchi yangu. Lakini niliapishwa, kwa hiyo ilinibidi niseme ukweli. Nikawaeleza kwamba kwetu ofisini wapo watu wanaofika asubuhi, wakatundika koti mgongoni mwa kiti, wakaenda zao, na anayewaulizia huambiwa hawako mbali, koti lao lile pale.

Waheshimiwa walisikiliza kwa makini ambayo sikuitarajia.

"Koti linabaki mpaka lini?" aliuliza mmoja.

"Hata kutwa nzima."

"Halichoki?"

"Halichoki, Mheshimiwa."

Wakatazamana. Ilinichukua muda kutambua kwamba walikuwa wameliona wazo hilo kuwa la kupendeza, na kwa robo nzima ya kikao walijadili kama nchi ihesabu makoti badala ya vichwa, na kama maskini wasio na koti wakopeshwe na serikali. Sikudhani alinitazama mara moja, akaangalia chini. Nilirudi kuketi nikiwa nimemharibia mambo, sikumsaidia hata kidogo.

Ndipo Machano aliposimama kule nyuma. Hakuwa ameitwa. Alifungua kitambaa akaunyosha mkono wake mbele, na waliokuwa karibu wakageuza nyuso.

"Mimi si msemaji," alisema. "Nataka kumuuliza Bwana Pandu jambo moja. Siku ile, ulinihesabu?"

Pandu alisimama. "Nilikuhesabu."

"Nilikuwa nimelala."

"Kichwa kilikuwapo," alisema Pandu. "Hesabu ilikuwa sahihi."

Hakuna aliyecheka. Pandu hakuketi. Aliuzungusha mwavuli mkononi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejisikiliza mwenyewe: "Waheshimiwa, nimehesabu vichwa tangu nilipoajiriwa. Mabomba sijawahi kuyahesabu. Hakuna aliyeniagiza."

"Hakuna aliyekuagiza?" alirudia Mwinyikombo.

"Hakuna."

Mzee akawatazama wenzake mmoja mmoja, akitafuta aliyewahi kutoa agizo hilo. Hakumpata. Basi, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za watu, Baraza zima lilitoka nje mchana kwenda kutazama kazi.

Walitoka wakiwa wamefinya macho kwa mwanga, wameshikana mikono kama vipofu. Watu katika karakana walichungulia madirishani wasiamini. Waheshimiwa walipanda mteremko, wakauona mstari wa mabomba ukishuka kutoka chemchemini bila kukatika. Mwinyikombo akaligonga moja kwa kidole, likalia. Akagonga na la pili. Ikabidi aondolewe kwa heshima, maana wengine walikuwa wakingoja zamu. Kisha wakapelekwa nyuma ya karakana nyingine, moja baada ya nyingine, wakatazama milima yote ya juhudi ya mji wao, na kadiri walivyotazama ndivyo mazungumzo yalivyopungua.

Mheshimiwa Shaame hakuwa pamoja nao mwisho wa ziara. Alikuwa amekaa kivulini kupunga upepo kidogo, akalala papo hapo, mdomo wazi. Hakuna aliyethubutu kumwamsha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amelala, na hawakujua anavyoamshwa. Alilala alasiri nzima. Alipoamka uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umelainika, na macho yalikuwa ya mtu mwingine, mwenye umri mdogo zaidi.

"Nimegundua jambo," alisema.

Akawaeleza kwamba mtu aliyechoka hufanya kazi mara mbili, mara ya kwanza kuiharibu na mara ya pili kuirudia, na kwamba ukiondoa zile saa za kuharibu, kazi haipungui. Alieleza vizuri sana. Sikudhani, aliyekuwa amesimama na mumewe kando, alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa adabu kama mtu anayesikia habari mpya. Baraza likampigia makofi Shaame. Mashtaka yakafutwa. Sheria mpya ikapitishwa palepale mteremkoni: kila karakana ifungwe adhuhuri.

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo.

Watu wa Ushindaji ni wenye bidii, na bidii haikuisha kwa kutungiwa sheria. Katika muda mfupi walianza kushindana kupumzika. Wahesabu Vichwa walikuwa wamekosa kazi za mchana, kwa hiyo walitumwa majumbani kuhakikisha watu wamelala kweli. Watu wakachora wanja upya, safari hii macho yaliyofumbwa, ili waweze kukaa macho bila kusumbuliwa. Niliona mtu amelala barazani kwake kwa nguvu, meno ameyauma, jasho linamtoka, kwa sababu jirani yake alisifiwa kwa kupumzika vizuri zaidi. Naye Shaame, ambaye sasa alilala kila alasiri na kuamka na hesabu, alikuja na hoja kwamba ikiwa nusu kutwa imezaa mabomba mengi kuliko kutwa, basi robo kutwa itazaa mengi zaidi, na asiyekwenda kazini kabisa atazaa mabomba yasiyo na idadi.

Hoja hiyo ilikaribia kupita. Sikudhani aliitwa Barazani atoe maoni yake, kwa kuwa jina lake lilikwisha kuwa kubwa.

"Waheshimiwa," alisema, "udongo haujikandi. Unataka mkono, na mkono unataka kupumzika. Mimi sikusema zaidi ya hayo. Hata hayo sikuyasema, nilisema nendeni nyumbani."

Hoja ilianguka kwa kura chache. Shaame alikubali matokeo, akaenda kulifikiria jambo hilo kitandani.

Alasiri ya mwisho kabla sijaondoka nilikuwa nimekaa uani na wenyeji wangu. Lazima niseme kwamba mambo nyumbani hayakuwa mepesi. Sikudhani na Machano walikuwa wameishi katika ndoa kwa miaka bila kuonana wakiwa macho nje ya karakana, na sasa walikuwa wakigundua kila mmoja ameoana na nani. Machano alipenda chumvi nyingi. Sikudhani hakuwahi kujua. Sikudhani alikuwa na desturi ya kuhamisha vitu kila baada ya siku chache, na Machano alikuwa akijikwaa. Siku ile waligombana kuhusu kunde. Machano alikuwa amezipanda karibu na ukuta wakati mkewe amekwenda sokoni.

"Pale hapapati jua," alisema Sikudhani.

"Panapata asubuhi."

"Asubuhi upo karakanani, umelionaje?"

"Nimemuuliza Tausi."

"Tausi ni mtoto, baba Tausi. Kila kitu kwake kinapata jua."

"Kinapata," alisema Tausi, aliyekuwa juu ya ukuta.

Wakaendelea hivyo. Sauti zilipanda, zikashuka. Machano akasema mama yake alipanda kunde ukutani maisha yake yote. Sikudhani akasema hilo ndilo lililokuwa tatizo la mama yake. Nilitaka kuondoka niwaache, lakini nilipowatazama vizuri niliona kwamba hakuna kati yao aliyetaka ugomvi uishe. Machano alikuwa ameweka mkono wake wenye kovu magotini mwa mkewe, na mkewe, katikati ya kumkosoa, alikuwa akiukanda polepole kwa mafuta, kidole kimoja kimoja.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Pandu na mwavuli wake. Akaingia, akaamkia, akahesabu vichwa vyetu.

"Samahani," alisema. "Inabidi niandike mnachofanya. Hii ni kazi au ni mapumziko?"

Wote wawili wakamtazama, kisha wakatazamana.

"Si kazi," alisema Sikudhani.

"Na sipumziki," alisema Machano.

Pandu alingoja. Alipoona hakuna jibu jingine, alijiegemeza mlangoni, na ugomvi ukaendelea mbele yake. Alisikiliza habari za jua, za ukuta, na za mama yake Machano.

"Kwangu pia ipo nafasi ndogo ya bustani," alisema mwishowe, si kwa yeyote kati yetu. "Mke wangu aliwahi kuniambia angependa kupanda kitu. Sikumuuliza ni kitu gani."

"Lini hiyo?" aliuliza Sikudhani.

Pandu alijaribu kukumbuka. Ilionekana ni zamani sana. Akatuaga, akatoka. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Bado kulikuwa na nyumba nyingi mtaani ambazo alipaswa kuzihesabu kabla ya jua kuchwa. Alizipita zote bila kubisha hodi, mwavuli kwapani, akienda kwa hatua za mtu aliyechelewa.